Bustani ya Kivulini: Urithi wa Masisi na Walikale

Nyuma ya kikanisa chetu pana kipande cha ardhi, urefu wake hatua 40, upana wake hatua 20. Upande wa juu imesimama miti mikubwa. Upande wa chini chapita kijito. Na jua halifiki pale ila saa chache za mchana. Mwaka wa kwanza tulipanda maharagwe, nayo yakaoza. Mwaka wa pili tulipanda kabichi, na konokono wakazila kabla yetu. Ndipo tukasema kwa kinywa chetu wenyewe: Mahali hapa hapafai kitu.

Mama mmoja mzee, ambaye huja mapema kufagia kanisa, alitusikia akacheka. Akasema: “Walimu, ardhi haikukosa neno. Ninyi ndio mlioalika mgeni asiyeipenda nyumba hii.” Kesho yake akaja na kikapu cha vichwa vya magimbi, akavipanda karibu na kijito bila kutuomba ruhusa. Mwaka ule tulikula, na wagonjwa wa kijiji walikula pamoja nasi.

Tangu siku ile tuliona haya kidogo. Seminarini tulisoma habari za Roma na za Ugiriki, wala hatukusoma habari za kijito chetu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi tulianza kuuliza wazee, na kusoma vitabu vya wataalamu, tupate kujua mimea ipendayo kivuli na unyevu ilitoka wapi, nani aliichagua, na kwa nini leo twaidharau. Hayo ndiyo tutakayowaeleza.

Nchi mbili chini ya mvua moja

Masisi na Walikale ni majirani, lakini hazifanani. Masisi iko juu. Vilima vyake vimesongamana, asubuhi ukungu hufunika mabonde, na penye miinuko mikubwa baridi huuma mikono. Walikale iko chini, upande wa magharibi, penye joto na msitu mkubwa. Maji yanayoanguka Masisi hushuka huko kwa mto Lowa na mito mingine, hata kuingia katika Lualaba. Mahali pote pawili mvua ni nyingi, na unyevu haukosekani.

Mtu akiona msitu mnene wa Walikale hudhani udongo wake ni tajiri. Sivyo. Mvua ya miaka elfu na elfu imeosha chakula cha mimea, ikakipeleka chini sana. Utajiri uliobaki uko juu, katika majani yaangukayo na kuoza, nayo mizizi huwahi kuyanyonya kabla mvua haijayachukua. Ukifyeka yote na kuchoma, utavuna vizuri mwaka wa kwanza na labda wa pili, kisha shamba litachoka. Masisi kwa sehemu ina udongo wa volkano, wenye nguvu zaidi. Lakini umelala juu ya miteremko mikali. Ukiondoa miti na migomba, mvua moja kubwa yatosha kuuteremsha bondeni.

Kwa hiyo katika nchi yetu kivuli si adui wa shamba. Kivuli ndicho kinacholisha udongo kwa majani yake, ndicho kinachovunja nguvu ya mvua, ndicho kinachozuia jua lisikaushe ardhi. Wazee wetu hawakuwa na vipimo vya kueleza mambo hayo, lakini waliyaona kwa macho, wakachagua mimea kwa kuyafuata.

Mgomba, mama wa kivuli

Tuanze na mgomba, maana ndio unaowatengenezea wengine kivuli. Watu wengi hudhani mgomba ulizaliwa hapa. La, mgomba ni mgeni aliyekaa hata akawa mwenyeji. Kwao ni Asia ya kusini-mashariki, na kisiwa cha Guinea Mpya. Ulifika Afrika zamani sana, kabla ya vitabu vya historia yetu. Katika nchi ya Kameruni, mahali paitwapo Nkang, wataalamu walichimba wakapata chembe ndogo za mawe ziachwazo na majani, wakasema ni za migomba ya miaka 2,500 hivi iliyopita. Wengine bado wanabishana juu ya umri huo, lakini hakuna anayekana ya kuwa wageni hao ni wa kale.

Kule msituni, upande wa Walikale, watu walishika zaidi ndizi ndefu za kupika. Huku juu walishika zaidi ndizi za milimani, za kupika na za pombe. Mgomba hautoi mbegu kama mahindi. Mtu hana budi kuchukua chipukizi kwa mkono wake na kumpa jirani yake. Kila mgomba tunaouona ulipita mkono kwa mkono, kutoka kwa mtu hata kwa mtu, tangu ng'ambo ya bahari. Hiyo ni historia isiyoandikwa kwa wino.

Wanyanga wa Walikale wanayo masimulizi makubwa ya shujaa Mwindo. Mwaka 1956 mtaalamu Daniel Biebuyck aliyaandika kutoka kinywani mwa mtambaji Shé-Kárisi Rureke, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Humo Mwindo anashuka kuzimu kumtafuta babaye, na Muisa, mwenye nchi ile, anamtwika kazi: alime shamba la migomba na kulivuna kwa siku moja. Mwindo anashinda, maana mapanga na mashoka yanafanya kazi yenyewe. Sisi tunaona neno moja hapo. Katika kazi zote za duniani, wazee hawakumpa shujaa kazi ya kupima fedha wala ya kuhesabu ng'ombe. Walimpa kazi ya shamba la migomba. Yaani kwao hicho ndicho kipimo cha mtu mzima.

Magimbi ya aina mbili

Chini ya migomba hukaa magimbi. Majirani wetu wasemao Kinyarwanda huyaita amateke. Hapa ni lazima tutenganishe aina mbili, maana kosa letu la kwanza lilikuwa kuzichanganya.

Aina ya kwanza ni magimbi ya zamani. Nayo yalitoka Asia, na huenda yalifuatana na mgomba katika safari yake. Ukitaka kuyatambua, tazama kikonyo: hakishiki ukingo wa jani, bali hushika ndani kidogo, kama mpini ulioshikilia ngao. Magimbi haya hupenda maji. Yaweza kukaa mahali ambapo mguu wazama, nayo yakaendelea kukua. Chakula chake ni kile kichwa kikubwa cha katikati.

Aina ya pili ni mageni zaidi. Yalitoka Amerika. Mwaka 1843 wakristo kutoka visiwa vya bahari ya Karibi, waliofuatana na wamisionari wa Basel, waliyaleta Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kutoka Afrika ya magharibi yakaenea. Tuzingatie jambo hilo. Wale walikuwa watu weusi, wazao wa watumwa waliovushwa bahari kwa nguvu, nao waliporudi Afrika walirudi na Injili mkono mmoja na chakula mkono wa pili. Magimbi hayo kikonyo chake hushika penye pengo la ukingo wa jani, na jani ni kama kichwa cha mshale. Chakula chake ni vile vichwa vidogo vya pembeni. Hupenda kivuli chepesi na unyevu, lakini hayapendi maji yaliyotuama. Ukiyapanda kinamasini yataoza.

Basi palipo tope, weka ya zamani. Palipo unyevu upitao, weka yale ya Amerika. Neno hili ni dogo, lakini familia ikilijua haitalala njaa kwa kosa la kupanda. Na yote mawili yapikwe sana, maana yana vichembe vikali kama sindano viwashavyo kooni.

Kahawa, mtoto wa msitu

Wengi hudhani kahawa ni mmea wa jua kwa kuwa waliiona katika mashamba ya wazungu, mistari mirefu isiyo na mti. Lakini kahawa ya arabika ilizaliwa chini ya miti mikubwa ya misitu ya Ethiopia, na kahawa ya robusta ilizaliwa katika misitu ya Afrika ya kati, Kongo ikiwamo. Zote mbili ni watoto wa kivuli.

Habari ya robusta yafaa ijulikane na kila Mkongomani. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ulionekana katika mashamba ya kahawa ya Ceylon, kisha ukaharibu arabika ya Asia. Mwishoni mwa karne ya 19 mbegu za kahawa ya msitu zilichukuliwa Kongo zikapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1900 bustani moja ya Brussels iliiuza miche yake kwa jina la robusta, na mara ikafika Java. Huko ikashinda ugonjwa, ikaokoa mashamba. Leo dunia nzima inakunywa kahawa iliyotoka kivulini kwetu, na wanaojua ni wachache.

Arabika nayo ilipita kwa mikono ya misioni. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walipanda kahawa iliyotoka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo chaitwa Réunion. Kutoka pwani ikapanda hata Kilimanjaro na Taita. Upande wetu, ng'ambo ya ziwa Kivu, Mapadri Weupe walianzisha misioni ya Mibirizi, Rwanda, mwaka 1903, na hata leo kuna aina ya arabika iitwayo Mibirizi. Hivyo bustani ya misioni haikuwa pambo tu. Mara nyingi ndipo mche wa kwanza ulipojaribiwa, na ndipo wakristo wa kwanza walipopata chipukizi la kupeleka kwao.

Mtoto Edmond na ua la vanila

Kuna mmea mwingine wa kivuli ambao historia yake yatugusa sana. Vanila ni mtambaa wa misitu ya Meksiko. Ulipopelekwa kisiwa cha Bourbon ulikua na kutoa maua, lakini haukuzaa, kwa sababu wadudu wa kwao hawakuwako. Wataalamu wa Ulaya walihangaika. Mwaka 1841 mtoto yatima mwenye miaka 12, mtumwa, jina lake Edmond, alichukua kijiti chembamba, akainua kile kigozi kidogo ndani ya ua, akabana kwa kidole gumba, na ua likazaa. Njia ile ndiyo inayotumika duniani pote hata leo.

Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848, alipewa jina la ukoo, Albius. Kisiwa kilitajirika, mashamba yalitajirika, naye alikufa maskini mwaka 1880. Tunayaandika haya si kwa uchungu tu, bali kwa sababu yanafundisha. Maarifa ya bustani mara nyingi hukaa kwa mtu asiyeulizwa: mtoto, mtumwa, mama mzee mwenye ufagio. Asiyewauliza hupoteza.

Leo vanila hulimwa hata katika Kivu Kaskazini, hasa upande wa Beni na Lubero. Yataka mti hai wa kupandia, kivuli cha nusu, majani yaliyooza miguuni, na mkono mpole wakati wa maua.

Maua ya kivulini yaliyovuka bahari

Wengine watasema: Tumekula, sasa tupambe pango la Bikira Maria, lakini pale ni giza na unyevu, maua hayakubali. Ndugu, maua yanakubali. Ni sisi tuliotafuta maua ya jua.

Katika misitu ya Afrika ya mashariki, kando ya vijito, kuna ua laini lenye shina la maji, rangi yake nyekundu, ya waridi au nyeupe. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alilipeleka Ulaya. Mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker aliliita kwa heshima ya Sultani wa Unguja. Hapo kwanza, mwaka 1868, alikuwa ameuita mmea mwingine kwa jina la mmisionari Horace Waller. Baadaye ikajulikana ya kuwa ni mmea mmoja tu. Leo ua hilo hupandwa katika bustani za kivuli karibu dunia nzima. Ndugu zake wa porini wako hapa kwetu Kivu, kando ya maji, nasi huwakanyaga tukienda kuteka.

Tena mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala huko Tanga, aliona katika milima ya Usambara ua dogo la zambarau, jani lake lina manyoya kama kitambaa, limekaa juu ya mwamba wenye kivuli. Akampelekea babaye mbegu. Leo halikosekani katika madirisha ya Ulaya na Marekani, na wanaolitunza hujivunia. Huko kwao milimani limebaki haba, kwa sababu misitu imekatwa. Mambo ni hayo: wa mbali huthamini, wa karibu hukata.

Jinsi kivuli kilivyoanza kuondoka

Mbona basi tumesahau? Sababu ni nyingi, nasi tutataja tatu.

Sababu ya kwanza ni ya wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1917 serikali iliweka sheria ya mazao ya lazima, na siku 60 kwa mwaka zikahesabiwa kuwa za kazi hiyo. Shamba la lazima lilitakiwa kupimwa na kukaguliwa. Agronomu alipenda mistari iliyonyooka katika uwanja mweupe. Bustani iliyofichwa chini ya migomba, yenye hiki hapa na kile pale, haikuandikwa katika daftari lake. Hivyo watoto walikua wakidhani ya kuwa kilimo cha kweli ni kile cha jua peke yake.

Sababu ya pili ni malisho na makaa. Milima mingi ya Masisi ilikatwa miti ikafanywa malisho ya ng'ombe, na kweli jibini ya Masisi ina sifa njema. Hatusemi ng'ombe ni kosa. Twasema mlima usiobakiziwa hata ukanda mmoja wa miti kando ya kijito huishia kushuka juu ya nyumba za watu.

Sababu ya tatu ni ugonjwa. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba uliingia Kongo, na mahali pa kwanza palipotajwa ni hapa Masisi. Ugonjwa huo, ambao Rwanda huitwa kirabiranya, hutoka kwa bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia mwaka 1968. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani zimekuwa kahawia, na ukikata shina hutoka uji wa manjano. Shamba lililolisha babu na mjukuu liliweza kuisha kabisa. Na mgomba ulipoanguka haukuanguka peke yake: kivuli kiliondoka, magimbi yaliungua, kahawa ilichoka, udongo ulishuka.

Tunamkumbuka nabii Yona. Mungu alimwoteshea mmea wa kumfunika kichwa, naye akafurahi mno. Kesho yake kulipopambazuka mdudu akautafuna, na jua lilipopanda likampiga. Wakulima wa Masisi wamekaa chini ya jua la Yona.

Lakini hawakukaa bure. Walijifunza kukata lile ua la kiume lining'inialo chini ya mkungu, na kulikata kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Kwa maana wadudu hubeba ugonjwa kutoka katika maua, na panga hulibeba kutoka shina hata shina. Walijifunza kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Walijifunza tena kukata shina lile tu lililougua, mara linapoonekana, na kurudia kila wakati, badala ya kung'oa shamba zima. Kwa njia hizo mashamba mengi yamerudi. Ni kazi ya subira, na yataka majirani wote wakubaliane, maana mzembe mmoja huwaambukiza wote.

Kahawa ya robusta nayo ilipigwa na mnyauko wake. Ulionekana kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Afrika ya Kati; wataalamu wa Yangambi walipata aina zenye kuustahimili, lakini tangu miaka ya 1970 ukarudi upande wa Isiro, na katika miaka ya 1990 ukaharibu mashamba ya Beni. Wengi huko waligeukia kakao, mtoto mwingine wa msitu, wa Amerika, ambaye utotoni hataki jua kali. Fundisho ni moja: bustani yenye mmea mmoja ni nyumba yenye nguzo moja.

Mmea ungojao mwenyewe

Kuna neno zito ambalo hatuwezi kulipita. Mwezi wa Machi mwaka 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Tangu hapo watu wa nchi hizi mbili wamekimbia mara nyingi zisizohesabika, na mwaka 2025 vita vilifika tena Masisi na Walikale penyewe. Sisi si wanasiasa, nasi hatutahukumu. Tutasema lile tuliloliona bustanini.

Mtu akikimbia, mahindi yake huvunwa na mpita njia au huliwa na nyani. Maharagwe hupasuka yakaota ovyo. Lakini magimbi kando ya kijito hukaa. Majani hukauka, kichwa hubaki ardhini, kisha kikaota tena chenyewe. Mgomba usiougua huendelea kuzaa watoto wake. Tumewaona watu waliorudi baada ya muda mrefu, nyumba zimeungua, mlango hakuna, wakashuka kijitoni, wakakuta chakula cha siku za kwanza. Mama mmoja alituambia: “Walimu, watu wote walikwenda, haya peke yake yalinilindia mji.”

Kwa hiyo kupanda mmea wa kivulini si mchezo wa watu wenye nafasi. Ni akiba iliyowekwa mahali ambapo moto haufiki upesi wala mwizi hatazami kwanza. Tena mimea hii haikuuliza kabila. Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mkumu, Mhutu na Mtutsi, kila mmoja anakula ndizi iliyopita katika mkono wa jirani ambaye babu yake alimwita ndugu. Angalau hilo tulikumbuke tunapokaa mezani.

Jinsi ya kuchagua

Sasa tukusanye yale tuliyojifunza, msomaji apate kuyajaribu kwake.

Kwanza, yatazame maji. Chimba shimo la mkono mmoja, uje ulitazame kesho yake. Maji yakiwa bado yamesimama, hapo ni mahali pa magimbi ya zamani, au chimba mifereji na kuinua matuta. Yakiwa yamepita na udongo umebaki na unyevu, hapo panafaa magimbi ya Amerika, kahawa, tangawizi, na mtambaa wa vanila kwa walio katika joto.

Pili, kipime kivuli. Jua la vipande vipande, lipitalo katikati ya majani, latosha kwa karibu mimea yote tuliyoitaja. Palipo giza kabisa, punguza matawi machache ya chini, usikate mti. Hata mpenda kivuli huzaa kidogo akikaa gizani.

Tatu, angalia urefu wa nchi. Vanila na robusta na kakao ni za joto la Walikale. Arabika ni ya Masisi. Magimbi hukubali pote, lakini milimani yataka subira: pengine mwaka mzima au zaidi.

Nne, usiuache udongo uchi. Majani makavu ya migomba na magugu yaliyofyekwa yalale palepale. Lakini yasiguse shina, kwa maana hapo ndipo konokono hulala. Hao uwaokote asubuhi mapema kwa mkono. Ndiyo dawa isiyogharimu kitu.

Tano, usisahau yale ya msitu wenyewe. Yale majani mapana ambayo mama zetu hufungia chakula hukua gizani, na kila mwaka huendewa mbali zaidi. Yaweza kuhamishiwa nyuma ya nyumba na shina lake la chini ya ardhi. Fumbwa, mboga ipendwayo sana Kinshasa, nayo ni mtambaa wa kivuli. Huko Kameruni, katika bustani ya mimea ya Limbe, wameonyesha ya kuwa yaweza kupandwa kwa vipande vya shina badala ya kumaliza ile ya porini.

Sita, changanya. Usiweke tumaini lako lote katika mmea mmoja, wala usichukue chipukizi la mgomba pasipo kujua afya ya shamba lilikotoka.

Kipande chetu nyuma ya kanisa leo kina magimbi kando ya kijito, kahawa arabika mistari miwili chini ya miti, na karibu na pango la Mama Maria yale maua ya kijitoni tuliyokuwa tukiyakanyaga. Si kikubwa. Lakini Jumapili baada ya Misa watu huja kuomba vichwa vya kupanda, nasi hatumnyimi mtu, kwa sababu hata sisi tulipewa bure. Yule mama bado anafagia, na akipita husimama kidogo kutazama. Nawe msomaji, kabla ya kusema mahali pako hapafai kitu, mwite kwanza mama mmoja mzee wa kijiji chako, umwulize.